Kanga ya Mwali

Jumatano, 28 Mei 1952
Nimemzungusha tena yule farasi jike kwa kamba ndefu. Kulia, kushoto, simama. Anasikia. Jina lake la Kizungu halikai mdomoni mwangu. Namwita Mwali, maana bado anafundwa. Nilipoleta tandiko la kupandia akaruka, akapiga ndoo teke. Nikalirudisha stoo. Sina haraka mimi. Mwenye haraka ni Meneja wa shamba: anataka mkewe ampande siku ya Idd, la sivyo Mwali anapelekwa shamba la pili, kwa mzungu anayefundisha farasi kwa kiboko. Nimewaona farasi wake. Midomo imechanika. Swaumu imenishika leo, koo kavu.

Ijumaa, 6 Juni
Mtoto alilia asubuhi nzima. Mke wangu, Mama Salum, akamfunga mgongoni, kimya. Hapo nikapata akili. Nikaomba kanga yake kuukuu, nikamfunga Mwali nayo tumboni, taratibu, kama mbeleko. Alinusa, akatetemeka, akatulia. Mama Salum ndiye anayemletea pumba kila siku, harufu yake anaijua. Nyumbani nachekwa: eti nimeoa mke wa pili na kanga nimeshampa.

Jumatatu, 16 Juni
Tandiko juu ya kanga. Mkanda wa tumbo nimeukaza kidogo tu. Kabla ya kufuturu nikajilaza mgongoni mwake kama gunia la ufuta. Kimya. Nikakaa. Tukaenda mpaka kwenye mikorosho, tukarudi. Nina furaha kama mjinga.

Jumanne, 24 Juni. Idd
Balaa. Mama Salum alifua kila kitu kwa ajili ya sikukuu, kanga ya Mwali pia, akafukiza udi. Na mimi nimetoka kuswali nanukia udi toka kofia hadi miguu. Sikufikiri hata kidogo. Mwali akanusa, akanikataa. Nilipopanda akanitupa mbele ya Meneja na mkewe. Meneja akasema lori litamchukua Jumamosi. Nikamwambia, "Bwana, kosa si lake. Leo mgeni ni mimi." Akageuka, akaenda zake. Bega linauma.

Alhamisi, 26 Juni
Nimekasirika siku mbili. Udi, jamani! Lakini nani alijua? Mama Salum alilia, halafu akachukua kipande kimoja cha doti yake mpya ya Idd. Akalala nacho. Akajifunga nacho akitwanga kwenye jua kali, kikaloa jasho. Leo kanikabidhi. "Mpelekee mke mwenzangu," akasema. Mwali akaisukuma pua yake ndani ya kanga, akaiacha humo. Nimempanda. Nimevaa shati la kazi, halijafuliwa.

Jumamosi, 28 Juni
Lori lilifika mapema. Nikamwomba Meneja ampe Mwali nafasi moja tu. Mkewe alikubali kabla yake, akajifunga ile kanga mpya kiunoni juu ya suruali kama nilivyomwonyesha, akapanda. Nikashika kamba mpaka nusu ya njia, nikaiachia. Wakaenda wenyewe hadi kwenye mikorosho, wakarudi wanatembea. Lori likaondoka tupu.

Kanga nimeitundika mlangoni mwa banda. Mama Salum alikuwa anapepeta pumba nilipofika nyumbani, kajitanda ile kuukuu, bado inanukia udi. Akaniangalia mikononi, akaona sikurudi na kitu. Akaendelea kupepeta, anacheka peke yake.