Pasi Moja, Serikali Tatu: Kikao cha Dharura cha Umoja wa Mafundi Cherehani

TAREHE: Jumamosi, tarehe 14
MAHALI: Chumba cha Kati

WALIOHUDHURIA: Fundi Koti, Mwenyekiti (Chumba cha Mbele), Fundi Suruali, Mjumbe (Chumba cha Nyuma), Fundi Vifungo, Katibu (Chumba cha Kati)
HAKUHUDHURIA: Fundi Zipu (Chumba cha Kati), bila udhuru, ingawa alionekana dirishani akila karanga

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Kikao kilipangwa saa 4:00 asubuhi, kikaanza saa 5:20. Mwenyekiti alilaumu foleni ya magari. Alikumbushwa kwamba anatoka chumba cha jirani, hatua nane. Alifika na pasi kwapani.

KUMB. NA. 2/6: MAENDELEO YA UGATUZI
Katibu alisoma azimio lililopita: kwa kuwa Chumba cha Mbele kina barabara, mwanga na wateja, na Chumba cha Nyuma kimepakana na choo tu, madaraka na vifaa vigatuliwe ili kupunguza pengo. Mgao ulikuwa sawa kwa sawa. Mbele walipata pasi, Kati wakapata waya wa kurefusha umeme, Nyuma wakapata meza ya kupigia pasi.

Katibu alieleza kwamba wiki mbili sasa hakuna hata leso iliyonyooshwa. Mwenyekiti alisema ugatuzi ni mchakato.

KUMB. NA. 3/6: OMBI LA CHUMBA CHA NYUMA
Fundi Suruali alieleza kwamba binti yake anaolewa leo saa nane mchana. Gauni amelishona yeye Fundi kwa mkono wake mwenyewe, nalo limekunjamana kama limetafunwa na ng'ombe. Aliomba pasi kwa nusu saa.

Mwenyekiti alitaka barua ipitie Kati ndipo ifike Mbele, pamoja na nakala. Fundi Suruali aliuliza, "Koti, wewe si shemeji yangu kweli?" Mwenyekiti alijibu kwamba ushemeji haujagatuliwa.

Katibu, alipoombwa waya, alisema Kati haiwezi kuamua bila Zipu. Katibu anaandika haya kwa aibu.

KUMB. NA. 4/6: TUKIO
Saa 6:05 bibi harusi aliingia, rola za nywele kichwani. Alisema, "Shikamoo, mjomba," na kabla ya marahaba akachomoa pasi kwapani mwa Mwenyekiti. Akavuta waya chini ya kiti cha Katibu, akaburuta meza ya Nyuma hadi kwenye korido ya vyumba vyote vitatu, akatandaza gauni juu yake.

Mwenyekiti aliuliza anafanya hivyo kwa mamlaka ya nani.

"Korido haina serikali, mjomba. Shika pindo hapo, lisiguse sakafu."

Mwenyekiti alishika pindo.

KUMB. NA. 5/6: MENGINEYO
Fundi Suruali, huku akilia waziwazi, alisema kwamba miaka kumi na moja ameomba pasi kwa adabu, akaipata wa mwisho kila siku, akidhani ndiyo zamu yake. "Kumbe, jamani, ilikuwa ni kuichukua tu!"

Iliazimiwa kwamba vifaa vyote vikae koridoni. Mwenyekiti aliongeza kwamba korido nayo ipate mwenyekiti wake, na kwamba yeye yuko tayari. Hoja ilikosa wa kuiunga mkono.

KUMB. NA. 6/6: KUTAWANYIKA
Kikao kilikatika saa 6:50 mchana, wajumbe wakitoka wamelinyanyua gauni lisikunjamane tena, kila chumba kimeshika upande wake.

MWENYEKITI: (hakusaini, mikono haikuwa na nafasi)
KATIBU: Fundi Vifungo, ameandika akiwa njiani