Kambale Niliowaleta Bwawani Kwako

Bibi,

Shikamoo. Leo hata usiponiitikia marahaba nitaelewa.

Bwawa la samaki uliniachia mimi, ukawaruka wajukuu wote waliomaliza shule. Nilitamba kijiji kizima cha Maji ya Chai! Nikasema perege wako ni wa kizamani, wadogo kama kandambili za mtoto. Sasa ni soko huria, Bibi, abiria wa mabasi wanataka samaki wa kushiba. Nikaleta kambale wachanga kwenye ndoo. Aliyeniuzia alinionya, "Dogo, hao wanakula wenzao." Nikamjibu, "Kwangu watakula pumba, kuna adabu."

Adabu! Wamewamaliza perege wote. Hata yule dume mweusi uliyemwita Mchungaji kwa vile hakosi penye msosi. Nakumbuka tukiwamwagia machicha ya pombe yako ya mbege, nakuambia perege wako wanayumba, unacheka mpaka khanga inadondoka.

Masika yalipoanza, kambale wakatoka. Sikujua samaki anaweza kujiburuta kwenye majani mabichi. Wakaingia mferejini, wakashuka hadi bwawa la Mama Elibariki, jirani yetu wa chini.

Jumamosi akaja na sufuria. Unajua desturi: bwawa likifa, mtu anaomba mbegu ya samaki kwa jirani, na hanyimwi. Perege wake wa kwanza si ulimpa wewe? Hakujua kambale waliowamaliza wake walitoka kwangu. Akasema, "Mjukuu wangu, bibi yako hakuwahi kunirudisha mikono mitupu. Nichotee wadogo tu."

Mimi huyu, mwenye mdomo kuliko redio, nikadanganya. Nikamwambia maji yamechafuka, arudi kesho. Akanishukuru. Bibi, alinishukuru.

Usingizi sikupata. Asubuhi nikamuwahi kwake, nikasema yote. Hakunitukana, bora angenitukana. Aliuliza tu, "Bibi yako angekuwepo, ungewaleta?"

Jibu unalo.

Sasa nakausha bwawa lake, kisha nitakausha letu, asibaki kambale hata mmoja. Samahani, litakaa tupu kwa muda. Halafu nitapanda mlimani Nkoaranga kwa wale uliowagawia mbegu zamani. Nitakaowapata wataanzia kwa Mama Elibariki. Na nakuahidi hili: sitasema mimi ni mjukuu wa nani. Nitaomba kwa jina langu mwenyewe, na wakininyima, nitashuka kimya, nitaomba nyumba inayofuata.

Pumzika, Bibi yangu.

Anaeli