Kiwambo cha Mama Kimeshuka

Nyumba ya Kona,
Ghorofa ya Pili.
14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani huko, na mkaza mjomba hajambo? Goti lako je, bado linakugomea kwenye ngazi? Sisi tu wazima, na leo naandika kwa haraka ya furaha, kwa hiyo uuvumilie mwandiko wangu.

Unajua tangu Mama, dada yako, apasuliwe shingo mwaka jana alivyoishiwa pumzi. Darasani alikuwa akiandika mistari miwili tu ubaoni, anakaa. Kulala chali hawezi. Aliegemea mito mitatu. Walimpima moyo, wakasema mzima. Mwalimu mkuu akaanza kumdokezea habari za kustaafu mapema. Wewe ulimwambia kwenye simu ajikaze, na mimi nikaitikia. Alitujibu, "Nimejikaza mpaka nimechoka. Sasa nanyi jikazeni kuniamini."

Neno hilo lilinichoma. Nikaichukua picha yake ya kifua, nikampelekea daktari wa picha kazini kwangu hospitalini. Akaona sakafu ya kifua upande wa kushoto imekaa juu kidogo. Akasema picha ile ni ya kitu kilichotulia, yeye anataka kukiona kikitembea.

Basi mimi mwenyewe nikamlaza Mama kwenye chumba cha ultrasaundi, nikampaka jeli chini ya mbavu. Tulikuwa tunatafuta kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi hushuka, ukiitoa hupanda, na kwenye skrini huonekana kama mstari mweupe. Kulia kilishuka sentimita tano na nusu. Kushoto, milimita sita tu. Nikamwambia anuse kwa ghafla, na badala ya kushuka, kikapanda. Nilipima mara tatu nikidhani nimekosea.

"Hujakosea," daktari akasema. "Mshipa wa fahamu unaokiamrisha hupita shingoni. Nadhani uliumia kwenye upasuaji. Kuna wanaopona, na kuna wasiopona."

Mama alilia palepale kitandani. Si kwa huzuni, Mjomba. Alikuwa amepata shahidi.

Miezi saba, akiwa likizo ya ugonjwa, amefanya mazoezi, akivuta pumzi kwa kijibomba chenye springi, asubuhi na jioni, huku akimnung'unikia mtaalamu wa mazoezi kana kwamba ni mwanafunzi mtoro. Nami kila nikimpima nilikuwa naogopa kuangalia.

Leo nikaweka kipimo kushoto. Mstari ukaenda chini, ukaendelea kwenda. Sentimita tatu na nusu.

"Mbona umenyamaza," akauliza, "nimekufa?"

"Kimeshuka, Mama."

"Nani kashuka?"

Nikamgeuzia skrini, akavuta pumzi tena na tena akijitazama, mpaka daktari akamwomba awaachie wengine kitanda.

Jumatatu anarudi darasani, na mwalimu mkuu amempa darasa la nne, lile lenye kelele. Mimi nimeshamwomba radhi. Zamu yako inakuja, maana atakupigia Jumapili. Tafadhali usiongee naye kwa upole wa kumwonea huruma. Ameukosa ugomvi wenu wa utani mwaka mzima.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu zangu pacha, na yule mdogo wao mwenye maswali. Kitindamimba wetu anakuamkia. Mungu awape pumzi ndefu na nyumba yenye amani.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Mpima Picha