Mdomo Juu ya Picha ya Papa Isaac

Alhamisi, jioni.

Bado naogopa kuigusa. Picha iko mezani, rangi ya feza imekauka, Papa Isaac anang'aa kama dirisha la kanisa.

Siku zote, kabla ya kupaka feza nyuma ya picha ya plastiki, nagusisha kona yake mdomoni. Ndivyo najua upande wa wino: huo unanata kidogo. Hapo ndipo napaka, feza iangaze picha na kufunika wino usifutike. Lakini leo Mama Bijou, mjane wa Papa Isaac, alikaa mbele yangu. Mimi niweke mdomo juu ya bwana wa mtu, mwenyewe akitazama? Nikaona haya. Nikakisia tu upande.

"Mama Véro, umungarishe kuliko siku ya mariage yetu kanisani!" akacheka. Kisha akashusha sauti: "Simu yenye picha ilizama mu maji kule Basoko. Hii njo sura yake moja ilibakia. Nitakuwa namupanguza kila asubui."

Kila asubuhi. Bon, kama nilikosea, wino uko wazi mbele, na kitambaa chake kitamfuta mumewe polepole. Verni ya sokoni, ile vanishi ya kukinga, nayo inayeyusha wino, kwa hiyo siwezi kupaka juu.

Nimesali Baba Yetu mara mbili. Sasa nimeinama, nimegusisha kona ya upande wa mbele mdomoni.

Imenata.

Kesho nitamwambia ukweli, tumweke nyuma ya kioo. Lakini Yesu wangu, mjane nitamwambiaje asimguse tena bwana yake?