Koti la Mume Wangu Nimelifua, Kulungu Wamekimbia

Mpendwa Bibi Irmtraud,

Nakuomba unisaidie, maana nimefika mahali pa kumficha mtu mzima viatu vyake. Mume wangu Vinzenz ndiye mlishaji wa kulungu wa msitu wetu tangu tuoane, kila theluji ikishafunika malisho yeye hupanda asubuhi hadi kwenye hori lililo juu ya kijito akiburuta nyasi kavu na bitiruti, na wewe mwenyewe wajua kulungu walivyo, hawamtaki mgeni, wanataka mtu yule yule, koti lile lile, saa ile ile, na hawa wa kwetu wamezidi, hawatoki mitini mpaka Vinzenz akohoe mara mbili langoni mwa uzio wa hori, akikohoa mara moja wanabaki wamesimama kama wanaosubiri aombe radhi.

Sasa kabla ya Krismasi moyo ulimwangusha jikoni, akalazwa, na daktari akamwambia mbele yangu, "Mzee, mlima basi. Kuburuta mzigo kwenye baridi hii ni kujichimbia kaburi." Na kwa kuwa kulungu ukishaanza kuwalisha huwezi kuwaacha njiani, watakufa, au watabambua magome ya miti ya watu, nikavaa koti lake, lile la sufu la kijani ambalo halijawahi kuonja sabuni, nikapanda mimi. Nikakohoa mara mbili. Wakatoka, Bibi Irmtraud, wakala kama vile mimi ndiye yeye, na siku zote alizolazwa niliwalisha mimi, magoti yakiniuma, lakini nikiona fahari, sifichi.

Aliporudi nikamsimulia nikidhani atafurahi. Akaweka kijiko chini. "Walikula? Kwako?" Nikamwambia, "Walikula mpaka wakalamba hori." Akasema, "Haya," akaenda kulala, na asubuhi naamka, koti halipo msumarini na yeye hayupo. Tangu hapo nimembembeleza, nimelia, nimemwita punda, nimemletea padre. Padre akanywa kahawa, wakaongea habari za pembe, akaondoka zake. Nikimwambia mlima utamuua ananijibu, "Burgi, wale hawamjui mtu mwingine," na mimi nimesimama pale pale mbele yake, huyo mtu mwingine mwenyewe!

Basi nikalifua koti. Nilimdanganya kuwa limemwagikiwa mchuzi. Nililifua kwa sabuni ya harufu ya maua, nikalisuuza, nikalifua tena, na alipopanda nalo kulungu walilinusa wakatimka, wakashukia misonobari ya jirani yetu Ottokar wakaibambua magome, na Ottokar amekuja mlangoni kwangu kufoka. Nilidhani Vinzenz akikataliwa atakaa nyumbani. Badala yake sasa anashinda huko juu kwenye baridi, anakohoa na kukohoa, anawasubiri, na anarudi midomo imebadilika rangi. Hajui kwamba nilifanya makusudi. Dada yangu wa mjini Linz ananiambia nifungashe niende kwake, nimwache na wanyama wake. Nifanye nini? Nimechoka naye, na sitaki kuwa mjane.

Walburga, bonde la juu

Mama Walburga,

Pole, na ukishapokea pole nikugombeze. Pole kwa sababu mwenye mume wa kichwa kigumu halali usingizi kamili, na kwa magoti yako uliyoyapandisha mlimani bila kuombwa. Ila sabuni ya maua? Ugomvi wako ni na Vinzenz, kulungu walikukosea nini? Hasira hasara, na hasara yenyewe wameibeba Ottokar na wanyama wenye njaa katikati ya Januari. Mgonjwa naye umemwongezea muda wa kusimama kwenye barafu. Ulitaka kumzuia asipande, ukamzuia asishuke.

Na wewe Vinzenz, kwa kuwa najua gazeti hili litasomwa mezani kwenu: mzee, sikio la kufa halisikii dawa. Umerudi kutoka hospitali ukaambiwa wanyama wako wako hai, ukanuna. Ulitaka wafe ndipo ujue kuwa wanakuhitaji? Ona aibu kidogo.

Lakini Mama Walburga, soma tena ulivyompa habari. "Walikula mpaka wakalamba hori." Mtu katoka kitandani hata miguu haijapata nguvu, unamwambia kazi ya maisha yake umeifanya na imekwenda vizuri tu. Sisemi ulikosea kuwalisha. Nasema hukumuuliza hata swali moja. Yule jike anayeongoza kundi ni yupi? Wadogo uwatandazie wapi ili madume yasiwapige pembe? Theluji ikianza kuyeyuka upunguze nini kwanza? Huyajui hayo. Yeye anayajua, na akifia mlimani atakwenda nayo.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujapakua supu, mwambie ukweli wa koti. Usiutaje mchuzi. Atapiga meza, mwache apige, meza ni yake. Koti likazikwe kwenye nyasi kavu bandani mpaka linuke kama zamani, na Mungu akuepushe na kulipiga pasi. Kwa Ottokar nenda mwenyewe ukakiri, usimtume mgonjwa akafokewe kwa kosa lako. Kisha mpigie simu mwenye kitalu cha uwindaji, yule anayewinda katika msitu wenu, usingoje Vinzenz akuruhusu, umwambie mlishaji wake ana moyo mbovu na anatakiwa mtu wa kuburuta mzigo mpaka langoni. Kulisha ni wajibu wa mwenye kitalu. Kufa si wajibu wa mume wako.

Koti uvae wewe. Ila kila asubuhi, kabla hujatoka, muulize Vinzenz ufanye nini, na ukirudi keti umwambie nani kaja, nani hakuja, nani anachechemea. Atakukosoa. Atakukosoa kwa mambo aliyokuwa akiyafanya vibaya yeye mwenyewe. Vumilia, maana ukimnyang'anya mtu mlima na mdomo pia, umemwachia nini?

Linz usiende. Dada yako anatoa ushauri mwepesi kwa sababu si yeye atakayekosa usingizi huko Linz, akisikilizia simu ya habari mbaya.

Huenda Vinzenz asikubali leo wala kesho. Akikataa, amka kabla yake, vaa koti, panda. Akikununia mpaka theluji iishe, mpikie, mpishe njiani, ukalishe. Mume anayenuna mezani kwako bado anapumua.