Perle na Dirisha la Chumba cha Pasi

Jumatatu, 9 Machi 1992

Siku ya tatu Perle analia. Si mlio wa paka huu. Ni wa mtoto mchanga aliyefinywa. Anajiviringisha sakafuni, ananifuata jikoni, stoo, mpaka mlangoni mwa choo. Nimefunga Ramadhani, koo limekauka, naye hanyamazi.

Madame Odile yuko Ubelgiji kutibiwa macho. Ameniachia nyumba nzima hapa mtaa wa Kiyovu, na kazi kubwa ni paka mmoja. Agizo ni moja: asitoke nje hata hatua. Mwezi ujao analetewa mume kutoka Bujumbura, wa Siam kama yeye, mwenye karatasi za ukoo hadi kizazi cha tano. Nimecheka. Mimi ukoo wangu naujua hadi kwa babu aliyetoka Tabora, basi.

Alhamisi, 12 Machi

Umeme umekatika. Nikatia makaa kwenye pasi ya zamani. Moshi. Nikafungua dirisha la chumba cha pasi, kidogo tu. Nikatoka kuanika mashuka.

Niliporudi dirisha lilikuwa wazi lote. Perle hayupo.

Ijumaa, 13 Machi

Hajarudi. Nimezunguka mtaa mara mbili na sahani ya dagaa. Faustin, mlinzi wa getini, akaniuliza natafuta nini. Nikasema kitambaa kimepeperushwa na upepo. Mwongo, na nimefunga.

Jumamosi, 14 Machi

Amerudi saa nne asubuhi, juu ya ukuta. Nyuma yake dume la mtaani, mistari kama godoro, sikio limechanika. Limenitazama bila aibu.

Perle ametulia kabisa. Nimempangusa miguu. Nimefunga dirisha. Sitamwambia mtu.

Jumanne, 24 Machi

Madame amerudi, jicho moja limefunikwa. Perle alimlaki kwa makelele, nusu saa nzima, analaumu. Madame akawa anamjibu kwa Kifaransa. Wanazungumza, sitii chumvi. Siku zote nimekuwa nikiona upuuzi. Leo niliona wivu.

Mchana alinieleza tena habari ambazo huwa nazisikia kwa sikio moja. Kwamba paka hawa walitoka Siam, waliishi mahekaluni na kwa wafalme, karne iliyopita ndipo wakapelekwa Ulaya kwa meli. Kwamba huzaliwa weupe, halafu sehemu zenye baridi zinageuka rangi: pua, masikio, miguu, mkia. Leo nilimtazama Perle vizuri. Mwili mrefu, mwembamba. Kichwa pembe tatu, masikio makubwa kuliko haki yake. Macho buluu kama maji ya nili. Uso kama aliyechungulia chungu cha masizi.

Na haachi kunitazama. Anajua ninachojua.

Ijumaa, 3 Aprili

Mwezi ukionekana, kesho Idd. Nimeoka maandazi. Nimefunga siku zote, sikuacha hata moja, na bado najiona sikufunga.

Jumatatu, 6 Aprili

Bwana harusi amefika ndani ya kikapu, pamoja na mwenyewe, rafiki ya Madame. Mzuri kweli, mrefu kama soksi. Perle alimsubiri asogee, akamchapa kofi la pua. Mara tatu. Bwana harusi yuko juu ya kabati. Kesho anarudi Bujumbura.

Madame anasema ni tabia yao tu, huchagua mtu mmoja, wengine wote maadui. Nikaitikia.

Jumanne, 14 Aprili

Yamekwisha.

Madame alikuwa mwalimu wa biolojia Lubumbashi, mkono wake unajua. Alimpapasa Perle tumbo, akahesabu wiki kwa vidole. Akaniita.

"Zaina, paka iko na mimba. Ya mwezi mmoja."

Mwezi mmoja uliopita yeye alikuwa kitandani Ubelgiji. Hakuniuliza mimi. Hata halikumjia wazo hilo. Alimwita Faustin. Akamwambia ni yeye anayekuja mlango wa jikoni kuchukua chai, ni yeye anayeusahau wazi. Faustin akaapa. Nami nilisimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi.

Ameambiwa aondoke kabla ya Pasaka.

Jumatano, 15 Aprili

Faustin amefunga vitu vyake kwenye mfuko wa mchele. Watoto wanne, na mkewe ametoka kujifungua wa tano. Kazi siku hizi hakuna. Wenye majumba wanaondoka mmoja mmoja kwa sababu ya vita vya kaskazini.

Alinifuata kwenye kamba ya nguo. "Mama Rukia, mimi sikufungua ule mlango. Mungu iko anaona."

Nilisema pole. Pole! Nimerudi nyumbani Kimisagara kwa miguu, sikusalimia mtu njiani. Mimi ni mtu mbaya. Naandika hivyo ili nisome mwenyewe.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta Madame mezani na Perle begani. Sikukaa. Nikasema ni mimi, dirisha la chumba cha pasi, tarehe kumi na mbili, moshi wa makaa. Nikasema alilala nje siku mbili, na dume nililiona.

"Na Faustin?"

"Nilimwacha abebe kosa langu, Madame."

Akavua miwani. Halafu akasema tu, "Mwite."

Alimwomba radhi Faustin mbele yangu, kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Faustin akaupokea mkono wake. Mimi hakunitazama. Akaenda kufungua mfuko wa mchele.

Sijui kama bado nina kazi. Nimelala usingizi mchana wa leo, mara ya kwanza tangu Machi.

Jumanne, 21 Aprili

Kazi ninayo. Maneno sina. Madame ananiandikia vikaratasi. Faustin ananifungulia geti na kutazama barabarani. Haki yao.

Perle ndiye anayenisemesha. Amejifunza kuning'inia kwenye kitasa mpaka mlango unafunguka, anaingia, anaanza hadithi. Namjibu. Sina mwingine.

Jumamosi, 16 Mei

Wanne! Saa tisa alasiri, kwenye kapu la nguo chafu. Alinishika kwa kucha kila nilipotaka kuondoka, basi nilikaa. Faustin alitusikia, akaleta boksi la katoni na gunia safi. Alichuchumaa mlangoni akatazama hadi wa mwisho. "Huyu mweusi atakuwa mkorofi," akasema. Aliniambia mimi.

Hakuna mweupe hata mmoja. Watatu mistari ya godoro, mmoja mweusi tii. Nilimngoja Madame atoke na hasira.

Aliinua yule mweusi kwenye mwanga wa dirisha. Akacheka mpaka machozi.

Jumapili, 7 Juni

Madame amenieleza. Huko Ulaya, baada ya vita vyao vikuu, kuna watu walifanya makusudi kile nilichofanya kwa uzembe. Walimchanganya wa Siam na paka wa kawaida, wakapata umbo lile lile refu, masikio yale yale, domo lile lile, ila rangi yoyote, na macho ya kijani. Leo wana jina lao na karatasi zao. Wale wetu si hao, kasema, vichwa ni vya baba yao, vya duara. Inahitaji vizazi. "Lakini mwanzo ulikuwa hivi hivi, Zaina."

Amefungua daftari la ukoo wa Perle. Mahali pa baba akaandika: mkazi wa Kiyovu.

Kisha akavuta kiti. Si chake. Changu. Nikakaa.

Jumapili, 9 Agosti

Mweusi ni wangu. Nimempa jina Sauda. Njia nzima ndani ya kikapu alipiga kelele, Kimisagara yote ikatoka kutazama ninaiba mtoto wa nani.

Nilidhani atajificha. Alikagua chumba chote, cherehani, kitanda, sanduku, akitoa maoni kila mahali. Macho yameanza kuwa ya kijani. Saa kumi jua likaingia kwenye mkeka, naye akaja akajinyoosha juu ya paja langu, mrefu kuliko nilivyodhani.

Tangu binti yangu Rukia aolewe Bukavu, humu ndani sauti ni ya redio, nayo siku hizi haina jema. Sauda alikuwa anasimulia. Nikamwambia endelea.

Nimezima redio.