Mpira wa Kwenye Kaseti

Baba,

Sauti yako nimeifuta mimi. Siyo unyevu wa stoo, kama nilivyomwambia Zuhura kwenye simu. Ni mimi, kwa mikono yangu mwenyewe.

Shikamoo, Baba. Nimekaa jikoni hapa Alby, huku ughaibuni, nimetoka kazini Jordbro, kutwa nzima kubeba maboksi ghalani. Mgongo umekwisha. Ila nikilala na jambo hili tena, usingizi hauji, basi bora nikwambie.

Tangu nilipokuja huku kwenye mafunzo, timu yetu ikicheza mechi kubwa ulikuwa unaazima redio kaseti ya jirani, unaiweka mbele ya redio yetu, unanasa mpira mzima. Zuhura kazi yake kuanika betri juani tangu asubuhi, zisije zikafa kipindi cha pili. Kila kaseti unaanza vilevile: "Haya mwanangu, kaa kitako, mpira unaanza." Mpira ukiendelea, kila mtu anapata zamu yake. Mama hana habari na mpira, anataka kujua tu, "Soksi unavaa?" Na mdogo wangu Zuhura, anayeshabikia wale wengine ili akuudhi wewe: "Kaka, mmefungwa tena! Huko hakuna waganga?" Nawe unamfokea, "Toka hapo, unaziba redio!" Nyuma yenu mtangazaji hapumui, na yule jogoo wenu naye hanyamazi.

Halafu unavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Unampa yeyote anayesafiri kuja huku.

Mimi vile vitundu vinavyobaki niliviziba kwa selotepu, ili kaseti ikubali kurekodi tena.

Mwanzoni nilikuwa nasikiliza, Baba, haki ya Mungu. Nilikuwa nasikiliza nalia. Baadaye kaseti ikifika matokeo nimeshayajua, nimechoka, naiweka kabatini. Jumamosi tunakutana kwa wenzetu Rågsved, kuna ngoma, mtu ana santuri mpya, kaseti tupu hakuna. Nachukua yako, narekodi muziki juu yake. Nikajiambia moja tu. Ikawa nyingine, na nyingine.

Ukanipigia simu kutoka posta: "Lile goli la mwisho ulilisikia?" Nikakujibu, "Nimelisikia Baba, nimepiga kelele mpaka majirani wamegonga ukuta!" Ulicheka sana. Kile kicheko, Baba, ndicho kinachoniamsha.

Umezikwa sijafika. Siku chache baadaye Zuhura akanipigia. "Kaka, huku hatuna sauti ya Baba hata kidogo, zote unazo wewe. Uje nazo kwenye arobaini. Mama anataka kumsikia." Ndipo nikasema uwongo ule wa stoo. Akasema, "Haya, kaka." Hakunilaumu hata kidogo. Bora angenitukana.

Jumapili nimezisikiliza zote. Muziki. Nageuza upande wa pili, muziki. Nilishakata tamaa kabisa. Kwenye moja wimbo ukaisha mapema, ukapita mkwaruzo, na ghafla wewe: "Toka hapo, unaziba redio!" Zuhura anacheka. Mama anauliza kuna nini. Halafu goli, na wewe unapiga ukelele, sijui kama ni wa furaha au ndiyo tumefungwa, kwa sababu kaseti iliishia hapo.

Rehema binti yangu akatoka chumbani. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, unamjua. Akauliza kwa Kiswidi, nani huyo anayefoka? Nikamwambia, babu yako. Akakaa chini karibu yangu. Akasema, kwa Kiswahili sasa, "Rudisha." Nikarudisha. Sijui tulirudisha mara ngapi.

Ndicho kilichobaki, Baba. Kipande kidogo kama hicho, na umefoka. Selotepu nimeibandua.

Nisamehe kama inawezekana. Pumzika. Huku kwetu duniani kazi yako ilikwisha, na uliifanya vizuri.

Arobaini yako ni Jumapili ijayo. Tiketi ninayo, kaseti nitaishika mkononi, sitaiweka kwenye begi. Ijumaa nitakuwa nyumbani Korogwe, na kabla jua halijazama nitamwita Zuhura uani, mimi na yeye, nimwambie yote kuanzia selotepu. Kisha nitaingia kwa Mama nimwambie naye. Wakitaka kunifukuza wanifukuze. Jumapili dua ikiisha, mimi mwenyewe nitaiweka hiyo kaseti mbele yao, na kabla sijabonyeza nitasema, kaeni kitako.